Je, mpaka wetu na Uganda ulikuwa Mto Kagera?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi naishi Kimara, Dar es Salaam, lakini baba yangu alizaliwa mwaka 1954 katika kijiji kimoja ng'ambo ya daraja la Kyaka, upande wa kaskazini wa Mto Kagera. Mwaka 1978 familia ilikimbia vita. Baba akaja huku Pwani na hakurudi tena kuishi kule. Kibanja cha babu, yaani shamba la ukoo, anakilima baba mdogo. Bibi mzaa baba alitoka Buddu, Uganda, na ndugu zake wako huko mpaka leo. Juzi kwenye arobaini ya shangazi hapa Dar, shemeji yetu mmoja aliyesoma alisema mbele ya watu kwamba mpaka wa asili wa Tanzania na Uganda ni Mto Kagera, kwamba sehemu ile yote ilikuwa ya Uganda, Nyerere akaichukua baada ya kumpiga Amin, na ndiyo maana mkoa ukapewa jina la Kagera. Akaongeza kuwa kibanja chetu hakina msingi na kwamba baba kwa asili ni wa Uganda. Baba hakujibu kitu, akainuka akaenda kukaa nje. Je, maneno haya yana ukweli? Na kama mto si mpaka, kwa nini sisi tuko huku na ndugu wa bibi wako kule?"*

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa msiba wa shangazi. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikifika pale baba anapoinuka kwenda kukaa nje, nasimama. Mtu aliyekimbia nyumbani kwake akiwa kijana wa miaka 24, akiacha migomba na mibuni, halafu akaambiwa uzeeni kwamba pale alipopakimbia hapakuwa kwao, ana haki ya kuumia. Kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, na ningependa umsomee yeye kwanza kabla hujampelekea shemeji.

Jibu fupi ni hili: hapana. Katika sehemu ile alikozaliwa baba yako, Mto Kagera haujawahi kuwa mpaka wa Tanganyika na Uganda, hata siku moja, tangu nchi hizo mbili zilipoanza kuwa na mpaka. Mpaka ulipita kaskazini ya kijiji chenu tangu mkataba wa tarehe 1 Julai 1890. Mwalimu Nyerere alizaliwa 1922. Mstari ule ulimtangulia kuja duniani kwa miaka 32, na ulikuwepo kwenye karatasi kabla hata babu yako, kwa hesabu ya kawaida, hajazaliwa.

Lakini jibu fupi halitoshi, kwa sababu shemeji yako hakuyatunga maneno yake hewani. Amechanganya mambo kadhaa ambayo kila moja lina chembe ya kweli. Tuyachambue.

Tuanze na mto wenyewe, maana watu wengi hapa Dar wanaujua kwa jina tu. Kagera unaanza pale Ruvubu kutoka Burundi na Nyabarongo kutoka Rwanda inapokutana, unaporomoka Rusumo, halafu unapanda kaskazini ukiwa ndio mpaka wetu na Rwanda. Ukifika mahali ambapo Rwanda, Uganda na Tanzania zinakutana, unageuka mashariki, na kwa kipande fulani ni kweli kabisa kwamba mto ndio mpaka wetu na Uganda. Hapo shemeji yako yuko sahihi. Tatizo ni kwamba mto hauendelei hivyo. Unaposonga mashariki unashuka kusini na kuingia ndani ya nchi yetu, unazunguka hadi Kyaka, kisha unapanda tena kuelekea kaskazini mashariki, unaingia Uganda na kumwaga maji yake Ziwa Victoria upande huo wa Uganda. Mpaka wenyewe haukuufuata mto katika tumbo hilo. Umenyooka moja kwa moja kwenye mstari wa nyuzi 1 kusini ya Ikweta mpaka ziwani.

Kwa hiyo kati ya mstari na mto limebaki eneo la kilomita za mraba kama 1,800, lililo kaskazini ya mto lakini ndani ya Tanzania. Ndiko kilikokuwa kiwanda cha sukari cha Kagera wakati wa vita, ndiko kuliko Bunazi na msitu wa Minziro, na ndiko kwenu. Kutoka daraja la Kyaka hadi Mtukula mpakani ni kama kilomita 30. Na jambo ambalo watu hulisahau: kule mdomoni mwa mto kipo kipande kidogo kilicho kusini ya maji lakini ni cha Uganda. Mstari ulinyooka tu, haukuuliza mto uko wapi.

Sasa, ulitoka wapi? Hapa ndipo historia inaposhangaza, maana mpaka wa kijijini kwenu ulianzia baharini, karibu na Tanga. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana Afrika Mashariki kwa mstari uliotoka mdomo wa Mto Umba, ukapita pembeni ya Kilimanjaro, ukaishia ufukwe wa mashariki wa Ziwa Victoria, pale ufukwe unapokatwa na nyuzi 1 kusini. Ng'ambo ya ziwa hawakugusa. Miaka minne baadaye, katika mkataba uleule wa 1890 ambao Ujerumani ilipewa kisiwa cha Heligoland na kuukubali ulinzi wa Waingereza juu ya Zanzibar, walihitaji kumalizia magharibi ya ziwa. Wakachukua mstari uleule wa nyuzi 1, wakauvusha majini na kuuendeleza hadi mpaka wa Kongo. Basi. Walioketi Berlin na London hawakuwa na ramani ya kuaminika ya Kagera ya chini, yale mapindo yake na mabwawa yake ya mafunjo. Nyuzi za dunia hazihitaji mtu awe amefika. Unazihesabu kwa nyota na saa. Ndiyo maana wakoloni walizipenda.

Nimewahi kukaa nusu siku nzima mbele ya ramani ya zamani ya eneo lile. Mto umechorwa ukijikunja kama kamba iliyodondoshwa sakafuni, na juu yake umepita mpaka, umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Pembeni yameandikwa majina ya vijiji kwa herufi ndogo. Nikawa nafuata uzi ule kwa kidole: kijiji hiki juu, hiki chini, hiki juu, hiki chini. Hakuna mtu wa vijiji vile aliyeulizwa.

Baadaye, kati ya 1902 na 1904, tume ya pamoja ya Waingereza na Wajerumani ilikuja kuupima mstari ardhini na kusimika nguzo, zile ambazo watu wengi huziita bikoni. Hili lina uzito wa kisheria hadi leo. Mpaka ukishapimwa na nguzo kusimikwa na pande zote zikakubali, kinachotawala ni nguzo, hata kama vipimo vya kisasa vya setilaiti vitaonyesha kwamba nguzo fulani iko hatua kadhaa juu au chini ya nyuzi 1 kamili. Kwa hiyo mtu akikuonyesha simu yake na kusema "ona, ramani inasema mpaka uko hapa", mwambie simu si nguzo.

Unauliza kwa nini ninyi mko huku na ndugu wa bibi wako kule. Hilo ndilo swali zuri kuliko yote uliyoandika, na jibu lake ni la zamani kuliko mstari.

Kabla ya wakoloni mto ule haukuwa ukuta. Ulikuwa njia, malisho, na mahali pa kuvukia. Buhaya ilikuwa na falme zake: Kiziba, Kyamutwara, Kianja, Ihangiro, Bugabo, Bukara, Karagwe, Missenyi. Kila moja na Mukama wake, yaani mfalme, na mipaka kati yao ilikuwa mipaka ya utii: huyu analipa kodi kwa nani, anaitikia ngoma ya nani. Missenyi, ambako ndiko kwenu, iliegemea sana Buddu na Buganda. Watu walioana, walipeana ng'ombe, walikimbiliana wakati wa njaa na wa vita vya wafalme. Mwingereza Speke alipovuka mto huo Januari 1862 akitoka kwa mfalme Rumanika wa Karagwe kwenda Buganda, aliandika jina lake kuwa Kitangule, jina ambalo mpaka leo lipo pale Kitengule. Alivushwa kwa mitumbwi na watu ambao kuvusha wageni ilikuwa kazi yao ya kila siku. Huo ulikuwa mto: watu wanautumia kufika kwa wenzao.

Kwa hiyo bibi yako kutoka Buddu kuolewa Missenyi hakuvuka "kwenda nchi nyingine" kwa macho ya watu wake. Alikwenda kwa majirani. Na hata mstari ulipowekwa, kwa muda mrefu haukuuma. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipoondoka, Uganda na Tanganyika zote mbili zikawa mikononi mwa Mwingereza. Hapo mpaka ulikuwa wa makarani: huku unalipa kodi Bukoba, kule unalipa Masaka. Watu walikwenda Buganda kutafuta vibarua vya pamba na kahawa, wakarudi na baiskeli na suti, wengine hawakurudi. Waulize wazee wowote wa Kihaya hapa mjini. Karibu kila ukoo una tawi lililobaki Buganda.

Hapa nikubaliane na shemeji yako kwa haki. Ni kweli kwamba watu wa kaskazini ya mto walikuwa na uhusiano na Buganda wa karibu zaidi kuliko wengi wanavyopenda kukiri. Wengi wanazungumza Kiganda bila shida. Mtu akisema "desturi zenu zinafanana na za Buddu", hajakosea. Amekosea anapotoka hapo na kuruka hadi "kwa hiyo ardhi ni ya Uganda". Tukienda kwa njia hiyo, Wamakonde wa Mtwara na wa Msumbiji nao tuwapeleke upande mmoja, na Wamaasai wa Longido na Kajiado vilevile. Hakuna nchi ya Afrika itakayobaki na umbo lake.

Hofu hiyo ndiyo waliyokuwa nayo viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Cairo Julai 1964 na kupitisha azimio kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya kupata uhuru. Azimio lile lililetwa na Nyerere mwenyewe. Halikusema mipaka ile ni ya haki. Lilisema kuigusa kutaleta damu nyingi kuliko kuiacha. Unaweza kubishana nalo, na wapo wanaobishana nalo kwa hoja nzito, Somalia ikiwa ya kwanza. Lakini ukishajua ni nani aliyelipeleka Cairo, maneno ya kwamba Nyerere alichukua ardhi ya jirani yanakosa pa kusimama.

Basi fikra ya kwamba "mto ndio mpaka" ilitoka wapi? Ilitoka kwa Idi Amin, na ilipata nguvu kwa sababu ya daraja moja.

Amin alipindua serikali Januari 1971. Tanzania ilimpokea Milton Obote, rais aliyepinduliwa, na Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda wakitokea kwetu, wakashindwa. Hilo tusilifiche tunapoisimulia historia hii. Oktoba ya mwaka huo yakafikiwa makubaliano Mogadishu ya kusitisha uhasama. Lakini Amin aliendelea kusema kwamba ardhi ya kaskazini ya Kagera ni ya Uganda. Kumbuka pia kwamba mwaka 1976 alidai sehemu kubwa ya Kenya na sehemu ya Sudan. Hakuwa mtafiti wa mipaka aliyeiona dosari moja. Alikuwa na tabia ya kudai.

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mstari kwa nguvu, yakashuka hadi ukingoni mwa mto. Novemba 1 Kampala ikatangaza kwamba eneo lote hadi Kagera sasa ni la Uganda. Halafu wakahangaika na daraja la Kyaka. Ndege zilijaribu kulipiga zikakosa. Novemba 3 wakalilipua kwa baruti. Lile ndilo lililokuwa njia ya jeshi letu kuvuka. Daraja likiwa limeanguka majini, maji yenyewe yakawa ngome yao. Kwa wiki chache za Novemba 1978, na kwa wiki hizo tu, Mto Kagera uligeuzwa mpaka kwa mabavu. Picha hiyo ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu: daraja limekatika, wao kule, sisi huku. Nadhani shemeji yako ameipokea picha hiyo kutoka kwa mtu mzima fulani aliyeisimulia vibaya, akaifanya historia ya tangu na tangu.

Na waliokuwa katikati ya mstari na mto ni watu kama baba yako. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni raia 1,500 waliouawa na watu kama 40,000 waliokimbilia kusini. Ng'ombe walisombwa, kiwanda cha sukari kikaporwa, wanawake wakachukuliwa. Waliovuka mto baada ya daraja kuvunjika walivuka kwa mitumbwi, na si wote waliopata mtumbwi. Sijui baba alivuka lini na kwa njia gani. Umeniambia tu kwamba alikimbia. Ukipata wakati mzuri, muulize, lakini usimlazimishe.

Mwezi huohuo Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, hotuba ambayo hata vijana wanaijua kipande chake: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Watu hukariri uwezo na nia, wakaipita sababu. Sababu ilikuwa kwamba mpaka uliokuwepo siku ya uhuru umevunjwa. Jeshi letu likatandika daraja la muda pale Kyaka na kuvuka, na Januari 1979 likaichukua Mtukula. Vita vikaendelea hadi Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979. Sasa tazama kilichofuata, maana hapa ndipo hoja ya "Nyerere aliichukua" inapopimwa kwa vitendo. Jeshi la Tanzania lilikuwa limekaa Kampala, Uganda haina serikali ya kuizuia kitu. Kama tungetaka ardhi, huo ndio ulikuwa wakati. Mpaka haukusogezwa. Ulirudi palepale penye nguzo za 1902 hadi 1904, na ndipo ulipo leo, pale Mtukula ambako mwaka 2017 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha forodha, dereva wa lori akikaguliwa mara moja tu badala ya mara mbili.

Kuhusu jina la mkoa, shemeji ameshika nusu. Kweli lilibadilika baada ya vita: mkoa uliitwa Ziwa Magharibi, ukawa Kagera mwaka 1979. Lakini jina jipya halikuongeza hata shamba moja. Mkoa ulipewa jina la mto uliopiganiwa, kama kumbukumbu. Wilaya yenu ya Missenyi ndiyo changa, ilitengwa na Bukoba Vijijini mwaka 2007, na huenda hilo nalo likawachanganya watu wanaosikia jina hilo mara ya kwanza kwenye ramani mpya na kudhani ardhi yenyewe ni mpya.

Niongeze neno kuhusu huo "mpaka wa asili", maana unasikika kama wa busara: mto upo, Mungu ameuweka, mstari ni wa mzungu. Nenda Kyela ukawaulize watu wa Mto Songwe, ambao kweli ni mpaka wetu na Malawi. Songwe huhama. Mvua kubwa ikija unakata njia mpya, na mtu anaamka shamba lake liko ng'ambo. Serikali mbili zimelazimika kuunda tume ya pamoja kuhangaika na mto mmoja. Kagera ya chini nayo imejaa mapindo na mabwawa. Kungekuwa na kesi kila masika. Siutetei mstari wa 1890, ulikata koo za watu vipande viwili bila kuwauliza. Nasema tu mto nao ungezikata, tena upya kila baada ya mafuriko.

Sasa tuje kwenye mambo ya nyumbani, ambayo naona ndiyo yanayokukosesha usingizi.

Uraia wa baba. Tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyezaliwa Tanganyika na ambaye walau mzazi mmoja naye alizaliwa Tanganyika alikuwa raia, bila kuomba. Kijiji chenu kilikuwa Tanganyika. Kama babu yako alizaliwa hapo, baba ni raia wa tangu siku ya kwanza, na bibi kutoka Buddu hapunguzi chochote, kwa kuwa mzazi mmoja anatosha. "Asili" si neno la sheria ya uraia. Hata hivyo, watu wa mikoa ya mpakani huulizwa maswali mengi zaidi wanapoomba kitambulisho cha taifa au pasi ya kusafiria. Kama baba bado hajakamilisha vyake, msingoje mpaka aumwe. Na kama ameshawahi kuombwa maelezo ya ziada au barua yoyote kuhusu uraia imefika, hapo jibu langu halitoshi: nendeni ofisi ya Uhamiaji mkiwa na nyaraka, na mpate wakili au msaada wa kisheria kabla ya kusaini chochote.

Nyaraka zenyewe mara nyingi ziko kanisani. Wamisionari wa Kikatoliki walikuwepo Buhaya tangu 1892 walipoanza Kashozi, na vitabu vya ubatizo vinaandika jina la mtoto, la wazazi, na kijiji. Familia nyingi zilizopoteza kila kitu mwaka 1978 zimejikuta humo. Kama ninyi ni Walutheri au Waislamu, anzeni na usharika au msikiti wa karibu na kijiji, na shule aliyosoma baba. Daftari la shule lina mwaka na jina la mzazi.

Kibanja. Hapa niseme wazi: hatari ya kibanja chenu haitoki Kampala. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kimila ni haki kamili hata kama hamna karatasi, lakini ardhi iliyoachwa bila kutumiwa kwa miaka 5 au zaidi inaweza kutangazwa kuwa imetelekezwa. Ninyi mmesalimika kwa sababu baba mdogo analima. Mshukuru. Lakini kibanja kinacholimwa na ndugu mmoja kwa miaka zaidi ya 40, bila maandishi, huleta ugomvi siku mmoja akifariki. Watoto wake watasema ni cha baba yao, na hawatakuwa wanasema uongo kwa wanavyokijua. Kaeni kikao cha ukoo baba na baba mdogo wakiwa hai wote wawili, muandike muhtasari, kisha muombe hatimiliki ya kimila katika serikali ya kijiji. Hilo halifanyiki kwa simu kutoka Kimara. Lazima mtu aende, azungukie mipaka akiwa na majirani, migomba na miti ya mipaka ionekane kwa macho. Kama kuna mzozo tayari, anzeni Baraza la Ardhi la Kijiji. Na kama kibanja kinakaribia kabisa nguzo ya mpaka wa nchi, mpima wa wilaya ndiye wa kusema; msiisogelee nguzo kwa jembe, wala msimruhusu mtu aing'oe.

Kwa shemeji sina neno kali. Aliyesoma hupenda kujua, na jambo hili halifundishwi vizuri mashuleni. Tunafundisha Vita vya Kagera kuanzia Oktoba 1978 kana kwamba hakukuwa na 1890. Ila amelisema mbele ya watu, kwa hiyo si vibaya na marekebisho yakasikika mbele ya watu, kwenye kikao kijacho, kwa adabu, na ikiwezekana na mkubwa wa ukoo, si wewe.

Mwisho ni ombi. Mpeleke baba Nyaraka za Taifa, Upanga. Si mbali, na wenye shughuli ya utafiti huruhusiwa kwa utaratibu wao. Ulizia kwanza masharti ya kuingia. Omba vitabu vya wilaya ya Bukoba vya wakati wa Mwingereza na ramani za eneo la kaskazini ya mto. Utaona majina ya vijiji yameandikwa kwa tahajia ambayo wewe hutaielewa, maana karani aliandika alivyosikia. Usiende peke yako kwa sababu hiyo. Mbebee baba miwani yake, mkalishe dirishani penye mwanga, umwekee ramani mbele, umwache aanze kutafuta kuanzia darajani.